Atakayetangulia Mbele ya Ng'ombe Jumamosi

Bwana D.O. wa tarafa yetu, uliyekubali kuketi nasi kwenye mabenchi tuliyoazima kanisani. Inspekta Hemedi, mkuu mpya wa kituo hiki, ambaye hata masanduku yako hujayafungua yote. Bwana Chifu na wazee wa vijiji. Wachungaji wetu na Sheikh wetu aliyetoka Kisumu asubuhi hii. Maafisa wa polisi wa vyeo vyote, pamoja na wake zenu na watoto wenu wa laini. Akina mama wa soko la Obange mliofunga vibanda siku ya soko, jambo ambalo hamkulifanya hata Waziri alipopita. Mama yangu Dorca, uliyechagua kuweka kiti chako kule nje ya uzio ukisema kwamba unasikia vizuri zaidi ukiwa huko. Mama Nabalayo, mke wa Sajini, unayerudishiwa mume wako leo. Na wewe, Sajini Wakhisi, ambaye ningekutaja wa kwanza kama utaratibu ungeniruhusu: nawasalimu nyote kwa heshima, na wale waliotoka matangani pamoja nami nawapa pole.

Jina langu ni Jentrix Anyango, binti wa marehemu Mzee Zadock, na tangu mwezi uliopita ni mke wa Konstebo Nicodemus, yule aliyesimama kando ya bendera na kujifanya hanioni. Mtanivumilia nikilitaja jina lake mara nyingi kuliko inavyohitajika. Bado ni tamu kinywani, na kila nikisema "mume wangu" nageuka kutazama kama kuna mwingine anayeitwa hivyo.

Sajini aliponiita na kuniomba nizungumze leo nilikataa. Nilimwambia, "Baba, mimi nimesoma mpaka Form Four tu. Walimu wapo, waiteni." Akanijibu, "Walimu watanisifu. Wewe utasema yaliyotokea." Nikamuuliza, "Niyaseme yote, mbele ya wakubwa wako?" Akasema, "Hasa mbele ya wakubwa wangu. Mimi tayari nastaafu, watanifanya nini?" Kwa hiyo, waheshimiwa, mkisikia neno linalochoma, mjue kibali nilipewa na mwenye sherehe.

Nianze na arusi yangu, kwa sababu bi arusi hawezi kuanza na kitu kingine. Gauni langu nililinunua soko la Kibuye, Kisumu, kwa Mama Zeituni, kwenye mitumba ya daraja la kwanza. Lilikuwa refu kwangu kama pazia la ukumbi, naye alilipiga pini akiwa amepiga magoti, huku pini nyingine ameziuma kwa meno. Akaniuliza mume ni nani. Nikamwambia ni polisi. Akazitoa pini mdomoni. "Mwanangu," akasema, "wanaume wote hawa wa Kisumu wamekwisha, mpaka ukaamua kujikamatisha mwenyewe?" Wateja walicheka, nami nikacheka, lakini nilipokuwa nikirudi na gauni langu mapajani nililia, kwa sababu Mama Zeituni hakujua alichokuwa amekigusa. Kwetu sisi, kwa nyumba ya Zadock, binti kuolewa na polisi halikuwa jambo la kuchekea. Nina sababu, na wengi mlioketi hapa mnaijua. Lakini Inspekta Hemedi umetoka Lamu, na Bwana D.O. kwenu ni Meru, kwa hiyo wenyeji mnisamehe nikieleza mambo ambayo mtoto wa hapa anayajua kabla ya kujua kusoma.

Hapa kwetu, mzee mwenye boma akifariki, hatukiachi kifo kikae nyumbani kwake kama mgeni aliyekaribishwa. Tunakifukuza. Baada ya mazishi, asubuhi kukipambazuka, wanaume wanatoa ng'ombe zizini, wanajifunga majani kichwani, wanashika mikuki na rungu na ngao za zamani, wanapiga filimbi na pembe, na wanakimbia pamoja na ng'ombe hao mpaka mpakani, wakiuchoma upepo, wakimtukana adui ambaye hakuna anayemwona. Tunaita tero buru. Wakirudi na ng'ombe nyumbani, wajane wanalia upya na vijana wanacheza, vyote kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu wanaanza kuamini kwamba mzee amekwenda kweli. Mgeni akitazama kwa mbali ataona vita. Ni vita kweli, lakini mikuki ile haimtafuti mtu yeyote aliye hai.

Baba yetu alifariki mwaka wa tisini na moja, karibu na Krismasi. Alimwacha mama yetu, akaniacha mimi, na akawaacha ndugu zangu pacha, Opiyo na Gordon. Gordon aliugua homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza shule, akapona, lakini masikio hayakurudi. Hakuwahi kusikia tena sauti ya mtu. Lakini msimhurumie kwa hilo, maana yeye mwenyewe hakujihurumia. Alizungumza kwa mikono yake, nasi tukajifunza, na kelele zetu mezani zilikuwa kubwa kama za nyumba nyingine, ila zilikuwa za vidole. Alimwiga mwalimu wetu anavyotembea mpaka baba akamwaga chai. Alisikia kwa macho. Ukiingia chumbani ukiwa na huzuni, Gordon ndiye alikuwa wa kwanza kujua, kwa sababu wengine tulisubiri useme.

Dume la baba, jeusi, tulimwita Rateng'. Hakumfuata mtu ila Gordon. Kwa hiyo baba alipozikwa, wazee hawakuwa na la kujadili: Gordon angetangulia mbele ya wote, na mkuki wa baba mkononi, na Rateng' nyuma ya bega lake.

Mnakumbuka ulivyokuwa mwaka ule. Watu watano wakisimama mahali pamoja waliulizwa leseni. Kila mkusanyiko ulionekana mkutano, na kila wimbo ulisikika kama maneno ya uchochezi. Afisa aliyeongoza kituo hiki siku hizo, ambaye simtaji jina kwa sababu hayupo hapa kujibu, alikuwa mgeni. Asubuhi hiyo dereva wa lori, mgeni vilevile, alisimama hapa getini akasema ameona wanaume wengi wenye mikuki wakielekea barabara ya Katito, na kwamba vita vimeanza. Je, afisa yule alikuwa mtu mbaya? Nimejiuliza hilo mara nyingi, na sidhani. Alikuwa mtu aliyeogopa, mwenye silaha, ambaye hakumuuliza mtu. Sajini Wakhisi, aliyezijua mila zetu kuliko baadhi ya vijana wetu, alikuwa Kisumu siku hiyo, ameitwa mahakamani kutoa ushahidi. Lakini wapishi walikuwa hapa. Mama muuza chai wa getini alikuwa hapa. Yeyote kati yao angemwambia, "Afande, wale wametoka kumzika Zadock." Neno moja tu, na ndugu yangu angekuwa na watoto leo.

Land Rover ilikuja kwa nyuma ya wanaume wetu. Kipaza sauti kikasema, "Wekeni silaha chini. Mkutano huu hauna leseni." Waliosikia waliweka. Baba mkubwa Abuto, kaka wa baba yangu, aliketi chini kabisa barabarani na kuinua mikono, na wengine wakaketi naye. Mbele kabisa, Gordon aliendelea kucheza. Alikuwa amewapa mgongo. Walimwona mtu mmoja mwenye mkuki ambaye amekataa amri mbele ya wenzake, na wakarusha gesi. Mikebe ilipita juu ya vichwa vya waliokaa, ikaanguka katikati ya ng'ombe.

Waheshimiwa, mtu aliyesikia kwa macho alijazwa moshi machoni. Fikirini hilo kidogo, maana mimi nimelifikiri kila siku. Wengine walikuwa hawaoni lakini walisikia kwato, wakaruka kando. Gordon hakuwa na jicho wala sikio. Ng'ombe walikuwa wamegeuka, wamepata wazimu kwa uchungu, na Rateng' pamoja nao. Opiyo alimwita. Pacha wake, aliyekua naye tumboni, aliyejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba sauti haifiki, alimwita kwa jina mpaka koo likakauka. Mpaka leo Opiyo akizungumza sauti yake ina mkwaruzo, na wageni wanadhani ni mafua.

Alhamisi mama alimzika mumewe. Alhamisi iliyofuata alimzika mwanawe. Uchunguzi ulianzishwa, tukahojiwa, na haukufika popote. Afisa alihamishwa. Nasema hivi bila kumtukana mtu, lakini siwezi kulipita, maana kimya nacho ni namna ya kusema uongo.

Sasa niseme alichofanya mwenye siku.

Sajini alirudi kutoka mahakamani, akakuta wenzake wamekusanyika hapa uani wakijieleza kila mmoja kwa mwenzake. Hakupiga kelele. Mume wangu hakuwapo bado, lakini waliokuwapo wamemsimulia kwamba aliwauliza swali moja tu: "Kabla ya kurusha, mlimuuliza nani?" Akaweka bunduki ghalani, akaenda kwetu kwa miguu, kwa sababu hakutaka mama asikie tena injini ya lile gari.

Alisimama kwenye lango la boma letu, kofia kwapani, hakuingia. Baba mkubwa Abuto akamwendea akiwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake kabla wala baada. Akamwambia, "Sajini, umekuja kuhesabu maiti?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kulia, kama mtaniruhusu."

"Kwenu Bungoma hakuna pa kulilia?"

"Papo, Mzee. Lakini aliyekufa ni wa hapa."

"Basi lilia huko nje."

Naye akalilia huko nje. Alisimama langoni mchana wote, watu wakiingia na kutoka wakimpita kama nguzo, wengine wakitema mate karibu na viatu vyake. Mvua ikaja, akasimama ndani ya mvua. Kesho yake akarudi, akasimama tena. Hakutuma soda, hakutuma mchango wa kununua msamaha, hakutuma chifu aje kutuambia tunyamaze. Siku ya mazishi ya Gordon, baba mkubwa Abuto alibeba kiti cha kukunja, akakipeleka langoni, akakiweka chini kwa kishindo na kusema, "Keti. Unatuchosha kukutazama." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Wanaomjua Mzee Abuto wanajua kwamba kwake hayo yalikuwa maneno matamu.

Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, na nyumba ikawa kimya, kimya cha vidole pia. Hapo ndipo Sajini alikuja tena, akavua kofia langoni, akaketi mbele ya mama yangu, na kumuuliza jambo ambalo hakuna mpelelezi, wala karani, wala wakili alikuwa amemuuliza. Alimuuliza, "Mama, mwanao angesimamishwa vipi?"

Mama akainuka kutoka mkekani, akasogea mpaka akasimama mbele ya Sajini, uso kwa uso, akainua mkono wake wa kulia, kiganja wazi, hivi. Akasema, "Hivi tu. Unasimama anapokuona, unamwonyesha mkono mtupu. Hata mtoto wa jirani alimsimamisha hivi akitaka kupita na punda."

Sajini aliinua mkono wake naye, akamwiga, ili awe na hakika ameelewa. Walisimama hivyo wawili, mama aliyefiwa na polisi, wakionyeshana viganja, na mimi nikiwa mlangoni nimeshika birika ambalo chai yake ilikuwa imepoa.

Inspekta, kile ambacho utakikuta hapa kituoni kilizaliwa pale. Hakimo katika sheria yoyote, wala hakuna aliyekipigia muhuri. Tangu siku ile, mzee akifariki mahali popote katika eneo hili, Sajini mwenyewe alikwenda kwenye boma, akasubiri langoni mpaka aitwe, akauliza mambo mawili: ng'ombe watapita njia gani, na nani miongoni mwenu haoni, hasikii, ni mgonjwa, au ni mjamzito, ili tujue. Na asubuhi ya kufukuza kifo, polisi mmoja alitangulia mbele ya ng'ombe, kwa miguu, bila bunduki wala rungu, akisimamisha magari kwa kiganja kilicho wazi. Watu walicheka mwanzoni. Walisema serikali sasa imekuwa mchunga ng'ombe. Lakini tangu hapo hakuna mkebe uliorushwa, na hakuna mama aliyezika mara mbili.

Wa kwanza kutumwa kutangulia alikuwa konstebo mpya, Mkamba wa Machakos, mwembamba kama mwiko, ambaye alikuwa hajawahi kula samaki mwenye kichwa. Nyuma yake dume lilikuwa likimpumulia shingoni. Wazee wakamtania, "Kijana, ukikimbia tutakutungia wimbo, na tutauimba mpaka ufike kwenu." Akasema bila kugeuka, "Wazee, miguu inataka, ni mimi ninayekataa." Hapo walimpenda.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye panda ya barabara na wanawake wengine. Nilikuja na chuki yangu nzima, nimeifunga vizuri kama leso. Nikaona mgongo wa shati la buluu umelowa jasho la woga, na mkono umeinuliwa mbele ya basi la Kisii, kiganja wazi, vidole vikitetemeka. Ulikuwa mkono ule ule ambao ungemsimamisha Gordon. Dereva wa basi alizima injini. Konstebo yule aliwapitisha ng'ombe wote, na wazee wote, na kikongwe mmoja aliyebaki nyuma, ndipo akaushusha. Nilirudi nyumbani na ile chuki sikuiona tena mkononi. Rafiki zangu walipenda macho ya wanaume wao, au sauti, au mwendo. Mimi niliupenda mgongo kwanza, na uso ulipogeuka nikakuta nao ni mzuri, na tangu hapo mimi si mzima.

Siku alipokuja kwetu kuniposa, aliacha kofia juu ya nguzo ya lango. Mama aliitazama, akaniambia, "Nyathina, mtoto wangu, mimi sina ugomvi na kijana. Nina ugomvi na kofia." Alikuja arusini, alicheza, alinibariki. Lakini tangu Gordon afe hajaingia ndani ya uzio huu. Chumba changu cha laini, humu kwenye nyumba za polisi, ninachogawana na jirani yangu kwa pazia la maua, chumba ambacho kila asubuhi nakifagia nikiimba, mama yangu hajakiona. Akinitembelea, tunazungumza kupitia waya. Leo mmemwona alipoweka kiti chake.

Ningependa kusema mengi mengine juu ya Sajini. Ningetaja alivyoondoa ile desturi ya mwanamke kusimama kaunta na kueleza aibu yake huku mstari mzima ukimsikiliza. Dada yetu Subira yupo hapa na amenipa ruhusa: siku aliyokuja amefunika uso kwa kanga, konstebo wa zamu alimwambia aongee kwa sauti. Sajini alitoka ndani akasema, "Anayetaka sauti aende akasikilize redio." Akampeleka Subira jikoni kwake, akamwita Mama Nabalayo akae naye, na yeye akakaa nje ya mlango akisubiri aitwe, kama alivyosubiri langoni kwetu. Mama Nabalayo, sahani ngapi za ugali zimepoa nyumbani kwako kwa sababu ya machozi ya watu wengine? Hakuna atakayekulipa pensheni kwa hayo, kwa hiyo pokea asante yetu hapa, mbele ya wote.

Lakini leo sikusimama kumsifu tu, na sherehe hii si ya furaha kwangu, hata kama nimevaa viatu vyangu vya arusi. Sajini anaondoka. Atapanda basi la Bungoma kesho na godoro lake na kuku wake. Na mume wangu, aliyefundishwa naye kutangulia, amepata uhamisho kwenda Mandera. Ujumbe ulifika wakati keki ya arusi bado ipo kabatini. Sisemi hivi kulalamika, maana mke wa polisi hulala na sanduku chini ya kitanda. Kesho asubuhi Nicodemus atapanda gari la kwanza, na mimi nitabaki nikipiga pasi mashati ambayo hayapo. Nimeshamwambia aninyoshee mkono kupitia dirishani, na kiganja kiwe wazi, nikione mpaka gari lipinde kona.

Na wakati huohuo, Mzee Abuto amefariki. Ndiyo, yule yule wa kiti cha kukunja. Tutamzika Ijumaa. Jumamosi asubuhi ng'ombe watatoka, na safari hii anayepaswa kuwatangulia kutoka kwetu ni Opiyo, mwana wa kiume pekee aliyebakia wa mama Dorca, akiwa na mkuki wa baba yake. Mama amemkataza. Amefunga lango la zizi kwa mnyororo, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga yake. Wazee wamekuja kumsihi, wamemwambia Abuto hawezi kuzikwa nusu, kwamba kifo kitabaki bomani. Amewajibu, "Kifo nakijua, tumeshakaa nacho. Nani atatangulia?" Walidhani watamwomba Sajini, na Sajini Jumamosi atakuwa raia, yupo Bungoma. Walidhani watamwomba mkwe, na mkwe atakuwa njiani.

Inspekta Hemedi, nimeambiwa kwamba wewe ni mtu wa utaratibu, na mimi nafurahi, kwa sababu utaratibu mzuri hauhami mtu akihamishwa. Sikuombi uipende mila yetu. Wewe na mimi hatuombi kwa namna moja, na huenda ukaona kumfukuza adui asiyeonekana ni jambo la ajabu. Nakuomba tu ufanye kile ambacho mwenzako wa mwaka ule hakukifanya: uulize. Lango letu ni lile lenye mti wa ojuok, ukishuka kutoka sokoni. Ukisimama hapo utaitwa, na safari hii hutasubiri mvua ije. Utaambiwa njia. Utaambiwa nani hasikii. Kisha umchague mmoja kati ya vijana hawa, na akitetemeka si kitu, anayetetemeka ndiye tuliyempenda.

Leo asubuhi, kabla sijaja hapa, nilimuuliza mama nikuambie nini. Alikuwa anachambua mtama. Akasema, "Mwambie simjui, kwa hiyo simchukii. Mwambie Jumamosi nitakuwa nimesimama panda ya barabara kabla ya jua. Nikiona mtu wake anakuja mikono mitupu, nitarudi nyumbani na kufungua zizi. Nisipomwona, nitarudi nyumbani vilevile, na ng'ombe watakula majani."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Sikuongeza wala sikupunguza.

Sajini Wakhisi, baba yangu wa pili, nenda salama. Kule Bungoma watakuuliza umeleta nini kutoka ziwani baada ya miaka yote hii, na wataona godoro na kuku, nao watakusikitikia. Wewe unajua ulicholeta. Tazama kule kwenye uzio. Mama yangu amesimama. Haingii, bado, na sidhani ataingia leo. Lakini ameinua mkono wake wa kulia, na si kwangu ameuinua.

Nawashukuru waandaaji, nawashukuru wakubwa kwa uvumilivu wenu, nawashukuru wote mlionipa masikio yenu mchana huu wa jua kali. Na kwa niaba ya kaka yangu Gordon, aliyetusikiliza kwa macho mpaka siku ya mwisho, nawashukuru pia kwa kunitazama.